Kiboksi cha elfu 65 na mziki wa marehemu mzee: nilivyohangaika mpaka ukaimba

Kama na nyie pale sebuleni mna amplifaya ya zamani imegeuzwa meza ya kuwekea maua na juu yake kitambaa cha kufuma, soma hii kwanza kabla hujamuita mnunuzi wa vyuma chakavu. Kiboksi ninachokisema ni kidude cha kuingizia sauti ya simu na TV kwenye amplifaya kama hiyo, nitakifikia.

Mzee wangu alikuwa baharia, Mungu amrehemu. Mwaka 1979 alishuka Tanga na amplifaya ya Kijapani, zile zenye redio humohumo ndani, uso wa rangi ya fedha, ubavuni mbao, ukiibeba peke yako unatoa ulimi. Kampuni siitaji, mi siuzi. Kwa sisi tuliokulia Ngamiani ile ndo ilikuwa redio ya mtaa mzima, Idi ikifika spika zinatolewa barazani na watoto wa nyumba zote wanajaa hapo.

Sasa mzee alivyotutoka, kaka yangu siku moja akaamua kuiwasha, akachukua waya akachomeka moja kwa moja ukutani. Puu! Harufu nyumba nzima. Kumbe mzee alikuwa anaipitishia kwenye transfoma, maana alikuwa kainunua hukohuko Japani na umeme wa Japani ni volti 100, wetu huku 230. Ikawekwa pembeni, ikahesabika imekufa, ikakaa hivyo miaka zaidi ya kumi.

Mwaka huu ndo nikaitoa. Fundi wa kwanza kuifungua akakuta fyuzi imekatika tu, basi, akataka kuizungushia kipande cha waya eti ipitishe umeme. Nikamwambia kaka hapana, hiyo fyuzi ndo imetuokolea amplifaya, ukiweka waya siku nyingine kitakachoungua ni transfoma ya ndani. Tukatafuta fyuzi yenye ampia zilezile, ikawaka, taa za kijani zikawaka, mama akasimama mlangoni na mwiko mkononi hasemi kitu. Kama na wewe yako imetoka Japani angalia nyuma imeandikwa volti ngapi kabla hujafanya lolote, nyingine zilizouzwa nje zina kidude cha kuchagua volti, zilizouzwa ndani ya Japani mara nyingi hazina, na ukienda kununua transfoma omba ya 100, hizi za 110 zilizojaa madukani zinaipa umeme zaidi ya inaotaka na inachemka.

Sasa ikaja ya simu. Simu yangu haina tundu la hedifoni, ina Type-C tu. Nikanunua adapta ya elfu 3, simu haikuitambua kabisa, kama vile sijachomeka kitu. Baadae ndo nikajua hizi adapta ziko aina mbili, kuna zenye chipu ndani inayogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya kawaida, na kuna ambazo ni waya mtupu, hizo za waya mtupu zinakubali kwenye simu ambazo zenyewe zinatoa sauti kupitia tundu la chaji, na simu nyingi hazitoi. Kwa hiyo elfu 3 ikaenda na maji, nikaazima simu ya mdogo wangu yenye tundu la hedifoni, nikachukua waya ule wenye pini moja huku na kule pini mbili nyekundu na nyeupe.

Hapa mnicheke. Nyuma ya amplifaya kuna matundu yameandikwa PHONO, mengine AUX, mengine TAPE. Mi nikaona PHONO nikasema si ndo hii ya phone! Nikachomeka. Sauti iliyotoka ni kama mtu anapiga ngoma ndani ya pipa, bezi imejaa, inakwaruza, sauti nyembamba hazipo kabisa. Nikaanza kulaumu spika. Kumbe PHONO ni ya santuri. Sindano ya santuri inatoa milivolti chache tu, tatu mpaka tano hivi, kwa hiyo hilo tundu linaikuza sana, tena linapandisha bezi na kushusha trebo kwa makusudi kwa sababu santuri zilikatwa kwa mpangilio wa kinyume chake. Ukiipa simu, ambayo inatoa nguvu mara mia ya hiyo, unategemea nini. Simu, king'amuzi, TV, kompyuta, vyote AUX. AUX ikiwa imejaa tumia TAPE upande ulioandikwa PLAY, ni kitu kilekile.

Nikahamisha kwenye AUX. Kimya. Kimya kabisa, hata ule mshindo hakuna. Nikabadilisha waya, nikabadilisha simu, nikamuita tena fundi, akasikiliza akasema IC, yaani chipu ya ndani, imekufa niandae elfu 80. IC! Kasikiliza tu, hata sijui hiyo IC aliiona wapi. Bahati hela sikuwa nayo. Jioni mama anapita na chai ananiambia "mbona hicho kitufe kimeingia ndani, baba yenu alikuwa anakibonyeza akitaka kusikiliza kaseti tu". TAPE MONITOR. Lazima nilikigusa nilivyokuwa nahamisha waya. Kikiwa kimebonyezwa amplifaya inasubiri sauti itoke kwenye deki ya kaseti na haisikilizi kitu kingine chochote. Nikakibonyeza kikatoka nje, mziki ukapasuka sebuleni. Elfu 80 yangu ikabaki mfukoni.

Ndo nikaagiza kiboksi, na ndo hasa nilitaka kukizungumzia. Ni kidude cha ukubwa wa pakiti ya majani ya chai, nilimtuma mtu Kariakoo kikaja na basi, elfu 65 bila nauli. Kina Bluetooth, kina tundu la optiko (la waya wa mwanga), kina tundu la flashi, na nyuma kina matundu mekundu na meupe ya kwenda AUX. Jina lililoandikwa juu sijawahi kulisikia popote na nadhani kiwanda hichohicho kinabandika majina hamsini tofauti, kwa hiyo msiniulize jina, angalieni matundu.

Bluetooth yake sina neno. Unaunganisha simu sekunde tano, unapiga mziki umekaa kwenye kochi. Kuna watu watakwambia Bluetooth inaua sauti, mi kwa spika za mzee na masikio yangu nasikia kinanda, nasikia gitaa la pili kule nyuma ambalo kwenye sabufa yangu ya zamani sikuwahi kujua kama lipo. Sabufa inakupa dum dum tu. Nimempa mdogo wangu.

Ila kwa TV, Bluetooth achana nayo. Nilijaribu kwenye mechi, mchezaji keshapiga mpira ndo unasikia "pa", na kwenye tamthilia midomo inafunga halafu maneno ndo yanakuja. Inachelewa kidogo tu lakini ukishaiona hutaacha kuiona. TV tumia waya wa optiko, nao una mambo yake, mi siku nzima ulinitoa jasho.

Kwanza nilichomeka ukakataa kuingia. Kumbe pale kwenye ncha kuna vifuniko vya plastiki vidogo vya kulinda, vinang'ara, unaweza ukadhani ni sehemu ya waya. Vitoe. Ule waya haupitishi umeme, unapitisha mwanga, TV ikiwaka ukichungulia ile ncha nyingine unaona katundu kekundu kanawaka, kakiwaka jua TV inatuma.

Basi nikaona kekundu kanawaka, sauti hakuna. Mara inakuja king'amuzi kikiwa kwenye chaneli ya habari, nikihamia kwenye filamu inakata. Hapa nilimaliza bando kutafuta jibu. Shida ni kwamba TV ilikuwa inatuma Dolby Digital, yaani sauti iliyobanwa, na hivi viboksi vya bei ya kawaida havielewi Dolby, vinaelewa PCM, sauti ya kidijitali isiyobanwa. Unaingia setingi za sauti kwenye TV, unatafuta palipoandikwa Digital Output, unatoa Auto unaweka PCM. Imekwisha. Kijikaratasi kilichokuja na kiboksi kina lugha sita na hakuna hata moja iliyosema hilo, nyota moja nimeikata hapo.

Kitu kingine mjue mapema ili msigombane nyumbani. Sauti ikipita optiko, rimoti ya TV kwenye TV nyingi haipandishi wala haishushi tena, inatoka kwa kiwango kimoja na ukitaka kupunguza unainuka unaenda kuzungusha kinobu kama zamani. Mi naona sawa tu. Mama haoni sawa. Kwa hiyo habari ya saa mbili tumerudisha kwenye spika za TV yenyewe na mziki mkubwa unasubiri mechi.

Halafu mngurumo. Nilivyofunga kila kitu nikawa nasikia "mmmmmm" ya chini chini, hata mziki ukizimwa ipo. Nikasema kapasita zimechoka, kitu cha miaka arobaini na kitu kinaruhusiwa kuchoka. Lakini nikichomoa TV inanyamaza. Nikakaa nikawaza, optiko si mwanga, umeme wa TV unaingiaje huku? Nikaangalia, kiboksi kinakula umeme kwenye USB ya TV! Nilikichomeka hapo ili kizime pamoja na TV, nikajiona mjanja. Sasa TV imeungana na dishi na dishi limefungwa kwenye bomba lililozikwa ardhini, na amplifaya nayo mzee aliifunga waya wa athi kwenye ile skrubu ya GND nyuma, ukatoka dirishani ukaingia ardhini, ili stesheni za mbali zishike vizuri. Athi mbili, zimekutana kupitia waya wa USB, na ule umeme mdogo unaozunguka humo ndo unaosikika kama nyuki. Nikachomoa kwenye TV nikakipa chaja ya simu ya kawaida. Kimya, kaburini. Kwa hiyo kabla hujamwambia fundi abadilishe kapasita chomoa kitu kimoja kimoja usikilize, haikugharimu hata mia. Na asikudanganye mtu ukate pini ya athi ya kompyuta au friji ili mngurumo uishe, hiyo ipo kukulinda usipigwe shoti.

Madogo madogo: kinobu cha sauti kilikuwa kinakwaruza na spika ya kushoto inakuja na kuondoka, hapa Tanga chumvi ya bahari inakula kila kitu, matundu ya nyuma yalikuwa ya kijani kabisa. Nilichomoa umeme nikapuliza spreyi ya kusafishia kontakti ndani ya kinobu nikakizungusha kama mara thelathini, kikanyooka. Nunua ile spreyi yenyewe, sio hii ya kulainishia nati zilizoshika kutu. Na bezi ikiwa haipo kabisa wakati spika nzima, angalia kama waya wa spika moja umegeuzwa, nyekundu kwa nyeusi, spika moja inasukuma nyingine inavuta zinauana. Mi ya kwangu ilikuwa hivyo, niliigeuza mwenyewe nilivyokuwa nafuta vumbi.

Redio yake ndo sijaipatia dawa. Japani FM yao ilikuwa inaishia 90, inaanzia 76, kwa hiyo inashika zile stesheni zetu za chini tu, zote za juu ya hapo haina habari nazo. Wenye magari ya Japani mnaijua hii, kule mnaweka ekspanda, kile kidude cha kuhamisha masafa, mambo yanaisha. Huku nasikiliza redio kwa simu kupitia kiboksi, bando linalia lakini ndo hivyo.

Kwa ujumla kiboksi nakipa nne kwa tano, na ningekuwa najua ya PCM na ya chaja toka mwanzo ningefunga kila kitu nusu saa badala ya wiki mbili.

Ila kuna moja lazima niseme. Bluetooth yake haina namba ya siri. Yeyote aliye karibu anaunganisha. Kijana wa jirani, ukuta kwa ukuta na sisi, siku aliyokuja kunisaidia kubeba spika nilimwachia ajaribu kwa simu yake, nikasahau. Juzi mama anasikiliza mawaidha kupitia simu yangu, ametulia na tasbihi yake, mi nikapigiwa nikatoka na simu mpaka barabarani. Mawasiliano yakakata. Kiboksi kikatafuta simu nyingine kinayoijua, kikaipata, na huyo kijana wakati huo yuko chumbani kwake anafungulia singeli. Nyumba nzima! Mama anatafuta pa kuzimia mziki hapaoni, vitufe viko kumi na tano. Nimekimbia kutoka barabarani viatu mkononi.

Siku hizi tukimaliza kusikiliza nakihamishia kwenye optiko, huko haingii mtu. Kijana kaja kesho yake kuomba radhi, shikamoo mama samahani mama sikujua, kaketi pale kwenye mkeka anaiangalia ile amplifaya, halafu akauliza kama tunaiuza. Mama hakumjibu, akanigeukia mimi akaniambia niongeze sauti kidogo.