Metro ya uwanja wa ndege Dubai, Terminali 3: kwenda raha, kurudi na shangazi kaja usijaribu

Nina duka la madera na mikoba Ngamiani, Tanga, na mzigo naufuata mwenyewe Dubai. Miaka yote nilikuwa mtu wa teksi. Safari ya mwisho nilifuatana na mjomba, mstaafu wa reli, naye aliposikia kuna treni inapita uwanjani, akasema teksi hapandi mtu.

Kosa la kwanza lilikuwa letu. Tulitua saa tano usiku na ushei, na hadi tumalize pasipoti na kungoja mabegi, saa 6 imeshapita. Saa hiyo metro imefungwa. Ijumaa peke yake ndiyo inaendelea mpaka saa 7. Nikamwambia mjomba tutoke tukapande teksi. Akauliza bei. Teksi ya uwanjani mita inaanzia dirhamu 25, gurudumu halijazunguka hata mara moja. "Mwanangu, mimi nimekesha stesheni miaka thelathini," akasema, akafungua gazeti alilofungia mkate wa ajemi. Tukakesha. Treni ya kwanza saa 11 alfajiri. (Usiku wa kuamkia Jumapili msithubutu, maana Jumapili wanafungua saa 2 asubuhi.)

Stesheni yenyewe imeungana na jengo la abiria, kwa hiyo joto la nje hulionji kabisa. Kadi ya Nol ya kulipia nauli, ile ya rangi ya fedha, ni dirhamu 25 na ndani zimo 19 za kusafiria. Safari ya kanda moja inakata 3. Unagusisha getini kuingia, unagusisha tena kutoka. Ila angalia tiketi yako ya ndege kwanza: ukishukia Terminali 2, stesheni hakuna.

Treni ikaja. Mjomba akaenda kuchungulia mbele, akarudi. "Dereva kaketi wapi?" Nikamwambia hayupo, inajiendesha hivyo tangu 2009. Alinyamaza kidogo. "Reli ya Tanga Mjerumani kaianza 1893," akasema, "na mpaka leo mtu lazima awepo." Akaingia kwa hasira behewa lililokuwa karibu, na hilo ndilo la wanawake na watoto, lenye mstari wa waridi sakafuni. Mwanaume akikutwa humo ni faini ya dirhamu 100. Nilimvuta kanzu. Alipotulia kwenye behewa la wote akatoa kipande cha ajemi kilichobaki. Kula nako dirhamu 100! Nikakitia mkobani kwangu.

Njia inapita juu kwanza, unaona mji unaamka, kisha treni inazama ardhini kuelekea Deira, mtaa wa biashara. Sisi wa mzigo tunashuka Union, tunahamia treni ya mstari wa kijani, kituo kimoja tu uko Baniyas Square, katikati ya maduka. Kwa mtu aliyekuja na begi tupu, sijaona njia nyingine inayoishinda hiyo.

Kurudi sasa. Ruhusa ni begi kubwa moja, lisizidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na dogo moja. Mimi nilikuwa na begi, na shangazi kaja mbili zimevimba mpaka zipu zinalia. Mlinzi hakunigombeza, alizitazama tu, kisha akanitazama mimi. Nikajua. Mashoga zangu, mzigo wapeni watu wa kago hukohuko Deira, mje stesheni mikono mitupu kama mlivyoingia.

Tukapanda teksi. Mjomba alikaa mbele, macho kwenye mita, akawa anaisoma kwa sauti kila ilipogeuka mpaka tukafika uwanjani.