Miezi minane na bastola kubwa ya straika: visingizio vyangu viliishia hapa

Nianze na aibu yangu. Kwa miaka kadhaa nilipiga shabaha na bastola ya nyundo, ya chuma kitupu, na kila tundu lililokwenda kombo nilikuwa na maelezo yake. Risasi ya kwanza imeangukia chini? Ni kwa sababu triga ya bastola hizo huwa nzito mara ya kwanza, maana kidole ndicho kinachoinua nyundo. Ya pili imepaa? Ni kwa sababu triga imekuwa nyepesi ghafla. Mwalimu wangu wa shabaha, mzee asiyependa maneno mengi, alinisikiliza mpaka akachoka. Siku moja akanikabidhi bastola ya straika ya saizi kamili, akasema: "Chukua hii. Triga yake ni ileile kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Tuone leo utamsingizia nani."

Baadaye nilinunua ya kwangu. Sasa ina miezi minane na imeshakula risasi kama 1,400. Nahesabu kwa maboksi. Jina la kiwanda naliacha, kwa sababu karibu yote nitakayosema, mazuri na mabaya, utayakuta kwenye ukoo mzima wa bastola hizi: fremu ya plastiki ngumu, risasi ya milimita 9, magazini ya risasi 17, na hakuna nyundo inayochungulia nyuma.

Anayesikia "straika" akakumbuka mpira wa miguu hajapotea sana, kazi ni ileile ya kumalizia. Kwenye bastola ya nyundo, nyundo hugonga pini, na pini hugonga fataki, yaani kilipuzi kidogo kitakoni mwa risasi. Hapa nyundo hakuna. Pini yenyewe ina springi yake. Unapokoki, yaani kuvuta nyuma slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, pini hushikwa nyuma ikiwa imevutwa nusu au kikamilifu kutegemea muundo, na triga ikimaliza safari yake pini inaachiwa na kwenda mbele. Faida yake kwa mpigaji ni moja tu, lakini ni kubwa: kila mvuto wa triga unafanana na uliotangulia.

Jambo hili halikuanza na plastiki. Bastola ya mwaka 1900 ya FN, kiwanda cha Ubelgiji, iliyobuniwa na John Browning tayari ilikuwa ya straika, na Luger P08 ya Wajerumani pia. Hata plastiki haikuanzia pale wengi wanapodhani, maana Heckler & Koch, kiwanda cha Ujerumani, walitoa VP70 yenye fremu ya plastiki mwaka 1970, ila triga yake ilikuwa nzito mno. Kilichobadilisha mambo ni Glock 17, ambayo jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982 kwa jina la P80. Gaston Glock hakuwa fundi wa bastola. Kiwanda chake kilikuwa kikitengeneza vitu kama visu na fimbo za mapazia. Pengine ndiyo maana hakuona ubaya wa kuacha mengi yaliyozoeleka. Bastola yake ina mtutu wa milimita 114 na uzito wa gramu 630 hivi bila magazini, wakati M1911, bastola ya chuma ya Wamarekani, hukaribia kilo 1.1. Yangu haiko mbali na vipimo hivyo, na ukiweka risasi 17 ndani bado mkono haulalamiki mapema.

Triga sasa, maana ndiyo iliyonileta hapa. Si tamu, na nisikudanganye. Kwanza kuna ulegevu wa milimita kadhaa usio na kazi, kisha unagota kwenye ukuta, halafu ukiongeza nguvu unasikia kitu kinaachia. Jumla ni kilo mbili na nusu hivi. Mara ya kwanza niliona kama nabana stepla yenye karatasi nyingi. Mtu aliyezoea bastola za mashindano, zenye triga inayokatika kama kijiti kikavu, ataikunjia uso. Lakini baada ya risasi, ukilegeza kidole kidogo tu, unasikia "tiki": triga imejirudisha na uko ukutani tena. Hiyo tiki ndiyo niliyoipenda. Huna haja ya kuachia kidole chote, na hakuna uzito mpya wa kukushangaza.

Siku ile ya kwanza, mita 10, risasi 25. Mimi natumia mkono wa kulia, na matundu karibu yote yalikwenda chini kushoto, yamerundikana vizuri tu, lakini mahali pasipotakiwa. Nikaanza: "Mzee, nadhani vilengeo vya hii..." Hakunijibu. Alichukua bastola, akalenga, akapiga tano, zote katikati. Kisha akanigeuzia mgongo, akajaza magazini mwenyewe, akichanganya risasi hai na risasi bandia bila kuniambia ipi iko wapi. Risasi ya tatu ilikuwa bandia. Hakukuwa na mlio wala teke la bastola kurudi nyuma, ila mtutu ulichovya chini kama mtu anayesinzia kwenye kiti. Nilikuwa nausukuma mwenyewe, nikijihami na teke kabla halijaja. Kwa miaka yote ile teke halisi lilikuwa linalificha kosa hilo.

"Umeona?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeona. Wewe unayesoma, ukitaka kujua thamani ya bastola yoyote kwako, mwombe mtu akufanyie mchezo huo kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote, haya yangu yakiwemo.

Dawa yake ni mazoezi makavu, yaani kuvuta triga bila risasi. Natoa risasi zote, nazipeleka chumba kingine, nakagua chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho na kwa kidole, naelekea ukuta usioweza kupitisha kitu. Nasimamisha ganda tupu juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele, navuta triga, ganda lisianguke. Hapa straika ina kero yake: kila ukivuta mara moja, triga imekufa, lazima urudishe slaidi nyuma kidogo ili ifufuke, na ganda lile unaliokota na kulisimamisha upya. Bastola ya nyundo niliyokuwa nayo ingeniruhusu kuvuta na kuvuta. Mara 30 kila jioni, kidole gumba kinachubuka.

Na usifanye kosa nililofanya wiki za mwanzo, la kuingiza risasi ileile moja chemba, kuitoa, kuirudisha, siku baada ya siku. Kila ikigonga njia ya kuingilia, kichwa cha risasi kinaweza kudidimia ndani ya ganda, na risasi iliyofupika hupandisha shinikizo kupita kiasi. Niliisimamisha kando ya risasi mpya, nikaona tofauti kwa macho. Niliitenga, sikuipiga.

Kwa nini saizi kamili, wakati wanaoanza wengi hukimbilia zile ndogo zinazopendeza mkononi? Rafiki yangu ana ndogo ya ukoo huuhuu. Nilipiga risasi 50 kwayo, kiganja kikawa chekundu na kidole cha mwisho kikaning'inia hewani kwa kukosa pa kushika. Bastola fupi ina vilengeo vilivyokaribiana, hivyo kosa dogo la mkono linakuwa kubwa kwenye karatasi, na mtutu mfupi hupiga kelele kali zaidi. Kwenye kubwa, vilengeo vimeachana sentimita 16 hivi, vidole vyote vina makao, na uzito wa slaidi unatuliza teke liwe msukumo badala ya kofi. Kwa mtu anayekwenda uwanjani mara mbili kwa mwezi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atapiga risasi 100 akifurahi au 40 akijikaza. Kuhusu kelele: hata hii kubwa hupita desibeli 150, kwa hiyo vifuniko vya masikio si mapambo.

Kushika ndiko kulikonipa somo la pili. Shemeji yangu ana mikono midogo, na alipoijaribu kidole chake kilifika kwenye triga kwa ncha tu. Bahati nzuri nyingi za siku hizi huja na migongo ya kubadilisha kwenye mpini. Tukaweka mwembamba kabisa, kidole kikakaa sawa. Lakini akaipiga na vifundo vya mikono vimelegea, na mara mbili ganda lilibanwa mlangoni, nusu nje nusu ndani. Akasema bastola mbovu. Sikuthubutu kumcheka, maana nayajua maneno hayo. Ukweli ni kwamba slaidi inahitaji fremu iliyotulia ili irudi nyuma kikamilifu. Mkono ukirudi pamoja nayo, nguvu inaishia njiani, na fremu nyepesi ya plastiki haina uzito wa kukusaidia. Alipokaza vifundo, ilikwisha. Katika risasi zile 1,400, kukwama kwingine kulikuwa kumoja tu.

Huko kwingine kulikuwa fataki sugu. Nilivuta triga, nikasikia "tak", basi. Kwenye bastola yangu ya zamani ningevuta tena, nyundo ijaribu mara ya pili. Hapa ukivuta tena hakuna kitu, kwa sababu pini haijakokiwa. Niliacha mtutu ukielekea shabaha, nikahesabu polepole hadi 30 endapo risasi ingechelewa kulipuka, kisha nikatoa magazini na kuvuta slaidi. Ganda lilikuwa na alama ya pini iliyozama vizuri, kwa hiyo lawama ni ya risasi.

Sasa niseme lisilonifurahisha hata kidogo. Ili kuifungua hii yangu kwa kusafisha, lazima kwanza uvute triga. Unatoa magazini, unavuta slaidi, unakagua chemba, kisha unafanya kitendo kilekile kinachofyatua risasi. Siku ukiwa umechoka, ukasahau ukaguzi au ukautanguliza kabla ya kutoa magazini, bastola haitakuonea huruma. Zipo za ukoo huu zenye kijiwenzo kidogo cha kulegeza pini bila kugusa triga, na kama ningenunua leo ningetafuta hizo. Mimi nimejiwekea utaratibu: nakagua, naweka mezani, nakwenda kunawa mikono, narudi nakagua tena kama vile aliyeitumia ni mtu mwingine.

Hali kadhalika na usalama wa nje. Hakuna kitufe cha kufunga kwa kidole gumba. Kuna kinga tatu, moja ikiwa ulimi mdogo katikati ya triga, na nyingine mbili za ndani zinazozuia pini bastola ikianguka, lakini zote zinafunguka triga ikivutwa, na triga haijui kama kilichoivuta ni kidole, kamba ya koti au pindo la shati. Kwa hiyo mkoba wa kuibebea mwilini ni sehemu ya bastola. Wangu wa kwanza ulikuwa wa ngozi laini; baada ya miezi miwili mdomo wake ulianza kukunjamana ndani, karibu na triga. Niliutupa nikachukua mgumu unaofunika triga yote na usiokunjika. Usimwambie mtu bastola ni salama kama hujauona mkoba wake.

Vilengeo vilivyokuja nayo ni vya plastiki, na cha nyuma kilianza kulika pembeni kwa kuingia na kutoka mkobani. Nimevibadilisha kwa vya chuma. Springi ya magazini mpya ni ngumu, risasi mbili za mwisho zinauma kidole; inalainika kadiri unavyoitumia. Usafi ni mwepesi: kufungua dakika moja, matone machache ya mafuta kwenye reli, basi. Ukimwagilia mafuta mengi unaita masizi. Nanawa kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chakula, maana vumbi la risasi lina ledi, madini yenye sumu.

Ningempendekezea nani? Anayetaka kujifunza kupiga vizuri na yuko tayari kuwa mkali kwa kidole chake. Mtu anayeona uvivu kukagua chemba mara mbili, bora achukue yenye kufuli ya nje, au asichukue kabisa. Na anayetafuta triga ya kufurahia kama chombo cha muziki, kuna bastola za chuma zitakazompa raha zaidi.

Wiki iliyopita nilipiga mita 25, risasi 10. Tisa ziliingia kwenye duara la ukubwa wa sahani ya chai, moja ikakimbilia chini kushoto. Mzee alishika karatasi, akaweka kidole kwenye tundu lile, akanitazama.

"Na hii?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikaenda kuokota maganda.