Inchi 14 na nafasi mbili za RAM: uzoefu wangu na ThinkPad T480

Natunza hesabu za wafanyabiashara wadogo Dar es Salaam: duka la vipuri Kariakoo, stoo ya nafaka Manzese, saluni Sinza. Sina ofisi ya kudumu. Asubuhi natoka Kimara na mwendokasi, laptopu ikiwa begani, na mara nyingi nasimama njia nzima. Mchana naifungulia juu ya kaunta, pembeni ya mashine ya EFD na maboksi ya bidhaa, na usiku inahamia kwenye meza ya chakula nyumbani. Wenzangu wa kazi za namna hii huniuliza wachukue laptopu ya ukubwa gani, na kama ni afadhali kununua yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kubwa tangu mwanzo au kuongeza baadaye. Majibu yangu yanatokana na mashine ninayoitumia kila siku, Lenovo ThinkPad T480 ya inchi 14, niliyoinunua ikiwa imeshatumika Ulaya.

Msimamo wangu ni huu. Kioo, kibodi, uzito na upana wa laptopu utaishi navyo mpaka siku utakayoiuza. RAM, SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) na betri, kama mashine imeundwa vizuri, fundi anavibadilisha huku unamsubiri. Kwa hiyo pesa ya kwanza inunue umbo linalokufaa, na pesa ya pili, ikipatikana, inunue nguvu. Wauzaji wengi wanakuvuta upande mwingine: wanakutajia "GB 16, tera 1" kabla hata hujaishika mashine ukasikia uzito wake.

Nianze na ukubwa, maana hapo ndipo watu wanapobahatisha. Inchi zinazotajwa ni za kioo, zikipimwa kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala. Mashine yenyewe ni pana zaidi. X280 yenye kioo cha inchi 12.5 ina upana wa karibu sentimita 31, T480 karibu 34, na T580 ya inchi 15.6 karibu 37. Nazitaja hizi tatu kwa sababu ni za familia moja, zote za mwaka 2018, na zote nimezifanyia kazi: X280 ya kuazima kwa mwenzangu, T580 ya ofisi niliyokuwa nikifanyia zamani, na T480 yangu mwenyewe.

X280 ni raha kuibeba. Ina uzito wa kilo moja na robo hivi, na kwenye begi husikii kitu. Kwa mtu wa barua pepe, ripoti za Word na vikao vya mtandaoni ni mashine nzuri. Tabu inaanza ukifungua leja yenye tarehe, maelezo, namba ya risiti, kiasi, VAT na salio. Ukiacha maandishi madogo macho yanauma kabla ya saa nne, ukiyakuza nusu ya safu zinatoka nje ya kioo na unabaki kusogeza kushoto na kulia kutwa. Lakini kilichonikataza kabisa kiko ndani: RAM ya X280 imechomelewa kwenye ubao mama. Ukiinunua na GB 8, itabaki na GB 8 maisha yake yote.

T580 ina kitu ambacho mhasibu yeyote anakipenda, kile kisehemu cha namba upande wa kulia wa kibodi. Unaingiza risiti bila kuangalia vidole. Ila ina uzito wa karibu kilo mbili bila chaja, na kwa sababu namba zimechukua kulia, herufi zote zimesogezwa kushoto. Unapochapa barua ndefu unakaa upande, na ifikapo jioni shingo inakukumbusha. Kwenye kaunta ya duka dogo pia inamkera mwenyeji. Mzee mmoja mteja wangu aliniambia kwa upole, "Mwanangu, hiyo mashine imechukua nafasi ya wateja." Kwa meza isiyohama, ningeichukua T580 bila kusita.

Sasa kuna jambo ambalo madukani halielezwi, nami naona lina uzito kuliko inchi zenyewe. Kioo kikubwa si lazima kikuonyeshe vitu vingi zaidi. Kinachoamua ni idadi ya nukta zake. Ukiweka T480 na T580 sambamba, zote zikiwa na kioo cha 1920 kwa 1080 na maandishi yamekuzwa kwa kiwango kilekile, Excel inaonyesha mistari ileile. T580 inaikuza tu. Ni faida kwa mwenye macho yaliyochoka, lakini usiende ukidhani utapata safu za ziada. Kinyume chake, T480 nyingine zilitoka na kioo cha 1366 kwa 768, na hizo zinauzwa kwa bei ya kuvutia. Kwa hesabu usiziguse. Unapoteza mistari mingi chini, na rangi zinafifia ukitazama kwa pembeni. Kabla hujatoa hela, bofya kulia kwenye uso wa kompyuta, fungua mipangilio ya onyesho, usome namba hizo mwenyewe.

Kwangu inchi 14 imekaa katikati vizuri. Nakuza maandishi kwa asilimia 125, leja yote inaonekana, na begi la kawaida la mgongoni linaifunga zipu bila kulazimisha. Kuhusu zile namba za pembeni, nilinunua kibodi ndogo ya namba ya USB. Inakaa kwenye mfuko wa mbele wa begi na naichomeka siku za kuingiza risiti nyingi.

Siku ya kununua nilizunguka Kariakoo karibu maduka yote ya laptopu yaliyo mtaa mmoja. Kijana mmoja alinishikilia sana: "Dada, chukua hii i7, mbona unang'ang'ania i5?" Nilimwomba aniwashie nisome jina kamili la prosesa, yaani ubongo wa mashine. Yake ilikuwa i7-7600U. Niliyoitaka ilikuwa i5-8350U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, na kwa laptopu hizi nyembamba kizazi cha nane ndicho Intel, watengenezaji wa prosesa hizo, walipotoka viini (sehemu za prosesa zinazogawana kazi) viwili hadi vinne. Ile i7 ya kizazi cha saba ina viini viwili, i5 ya kizazi cha nane ina vinne. Kibandiko cha i7 kinauza, lakini kazi inafanywa na viini.

Kuna sababu ya pili ya kushikilia kizazi cha nane. Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inakubalika rasmi kuanzia kizazi hicho, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mimi naingia kwenye akaunti za kodi za watu. Naingiza TIN zao, taarifa zao za benki, mishahara ya wafanyakazi wao. Siwezi kukaa na mashine isiyopokea masasisho ya usalama kwa ajili ya kuokoa laki moja, na sioni kwa nini mtu mwingine anayebeba siri za wateja afanye hivyo.

Nililipa laki sita na nusu, ikiwa na RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Kabla ya kulipa nilifanya ukaguzi wa aina tatu, na muuzaji mwenye mali safi hawezi kukukatalia. Nilibonyeza F1 wakati inawaka kuingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) nione kama kuna nywila, kwa sababu laptopu za maofisi huko nje wakati mwingine zinauzwa bado zimefungwa, na nywila ya msimamizi kwenye ThinkPad si ya kutoa kirahisi. Kisha niliomba Windows iwekwe upya mbele yangu ikiwa imeunganishwa na intaneti. Mashine iliyosajiliwa kwa kampuni fulani itaanza kudai barua pepe ya kampuni hiyo, na hapo unaiacha ulipoikuta. Mwisho nikafungua dirisha la amri nikaandika powercfg /batteryreport. Windows inatengeneza ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilionao sasa. Ukikuta imebaki nusu, una haki ya kuomba punguzo, maana ni wewe utakayenunua nyingine.

Kitu kingine nilichokiangalia ni jinsi RAM ilivyopangwa. T480 ina nafasi mbili. GB 8 inaweza kuwa kipande kimoja cha 8, au viwili vya 4. Nilitafuta ya kipande kimoja makusudi, ili siku ya kuongeza ninunue kimoja tu, nisitoe chochote.

Siku hiyo haikuchelewa. Ritani za VAT zinatakiwa kufika TRA kabla ya tarehe 20 kupita, na zile siku za kuelekea tarehe hiyo mashine yangu inafungua kila kitu kwa pamoja: tovuti ya kodi, mafaili matatu ya Excel, taarifa ya benki ya PDF, WhatsApp ambayo wateja wanatumia kutuma picha za risiti, na simu ya video juu yake. Kwa GB 8 nilikuwa nikibadilisha dirisha nasubiri. Nikanunua kipande cha pili cha GB 8, DDR4 ya laptopu, kilichotumika, kwa bei ya chini ya laki moja. Kusubiri kuliisha siku ileile. Tena vipande viwili vinavyolingana vinafanya kazi kwa jozi, na kwa kuwa mashine hii haina kumbukumbu ya pekee kwa ajili ya picha, inaazima kwenye RAM hiyohiyo, simu za video nazo zilitulia. Kwa kazi za kila siku sijaona sababu ya kwenda GB 32.

Kazi yenyewe haimshindi mtu makini mwenye bisibisi ndogo, ila kuna hatua moja ambayo hata mafundi wengine wanairuka. T480 ina betri mbili, moja ya nyuma inayochomoka na nyingine ndani. Ukichomoa ya nyuma ukadhani umeme umekwisha, ya ndani bado inalisha ubao. Ingia BIOS, sehemu ya Config, kisha Power, uzime betri ya ndani kwanza. Ukichomeka chaja baadaye inajiwasha tena yenyewe. Baada ya hapo kuna skrubu sita za mfuniko wa chini ambazo hazidondoki, halafu unazungushia kadi ngumu ya plastiki kwenye ukingo mpaka vishikizo viachie. Usitumie kisu.

SSD niliibadilisha baadaye, kutoka GB 256 hadi 512, kwa sababu nahifadhi risiti za wateja zilizoskaniwa na zinajaa haraka. Nafasi yake inapokea SSD ya SATA (aina ya zamani) ya inchi 2.5, au ya NVMe (aina yenye kasi zaidi) ukiwa na kishikilio chake. Ila njia ya NVMe hapo ina mikondo miwili ya data badala ya minne, kwa hiyo SSD ya bei ghali inayojisifia mwendo wa juu kabisa haitaufikia ndani ya mashine hii. Nunua ya kawaida yenye jina la kuaminika. Na kama laptopu yako bado ina diski ile ya kuzunguka, ya aina yoyote ile, sahau RAM kwanza, anza na SSD. Hakuna badiliko lingine utakaloliona upesi hivyo.

Betri ndiyo iliyonifanya niipende T480 kuliko zote. Ya ndani ina Wh 24 (saa-wati, kipimo cha umeme inaoweza kubeba). Ya nyuma inapatikana ya 24, 48 au 72, na unaweza kuichomoa na kuweka nyingine huku kazi ikiendelea, kwa sababu ya ndani inashikilia. Nina ile ya 72. Inatokeza chini na kuiinua mashine kwa nyuma, jambo ambalo mikono yangu imelipenda, ingawa inaongeza uzito na begi linajua. Umeme ukikatika dukani, mimi na leja yangu tunaendelea mpaka mwenye duka anawasha jenereta au anafunga.

Mipaka yake uijue. Kamera ni ya 720p, sura yako kwenye kikao itakuwa ya kawaida tu. Kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080 kina mwanga wa niti 250. Ndani kinatosha, lakini kwenye baraza lenye jua utatafuta kivuli. Spika zinatazama chini, kwa hiyo kwa vikao nabeba spika za masikioni.

Ukishainunua, fanya jambo moja kabla ya mengine yote. Inachaji kwa USB-C, na Lenovo walitoa sasisho la programu ya ndani ya Thunderbolt (teknolojia ya kasi ya tundu la USB-C) kwa mashine za kipindi hicho, kwa sababu bila sasisho hilo tundu la USB-C linaweza kuharibika, kuchaji kukiwemo. Ingia tovuti yao, ingiza namba ya mashine iliyoandikwa chini, pakua sasisho la Thunderbolt na la BIOS, uyaweke chaja ikiwa imechomekwa na betri imejaa. Kubadilisha tundu lililokufa ni kazi ya kuchomelea ubao, na fundi wake humpati kila mtaa.