Nilikwenda na handibreki mbovu, nikaambiwa nitafute jiwe

Naandika maoni haya ya gereji nikiwa bado na hasira, maana zikipoa nitaanza kuwatetea.

"Dada, handibreki ya nini? Weka P, tafuta jiwe, zuia tairi la nyuma, kalale. Kwani unaishi mlimani?"

Hayo niliambiwa na mwenye gereji moja hapa Mwanza, mbele ya wateja wenzangu, kikombe cha chai mkononi. Jamani, Mwanza! Mji ambao ukiangalia juu unaona nyumba za watu zimekaa juu ya mawe, mtu anakuuliza kama unaishi mlimani. Nakaa Isamilo, kwenye kipande ambacho hata bodaboda hapendi kukushusha pale katikati. Na mawe anayosema ndiyo yanayonitisha, kwa sababu likichomoka moja usiku, gari langu linashukia uani kwa jirani.

Gari ni Harrier, ile handibreki ya kukanyaga na mguu wa kushoto. Kipindi mvua zilipokuwa zinakatika nikaona pedali inazama mpaka chini na gari bado linataka kuondoka. Nikiweka P na kuachia breki, linarudi nyuma kidogo halafu linajibwaga: ko! Asubuhi kuitoa hiyo P mpaka uvute kwa nguvu. Wenye gari za otomatiki wajue kwamba P ni kijino cha chuma tu, kinaingia kwenye gurudumu la meno ndani ya giaboksi, basi. Hapo ndipo gari zima linaning'inia usiku kucha ukiwa huna handibreki. Kikikatika hicho, hesabu ni ya giaboksi. Bosi hilo hakuliona la kusema.

Mara ya kwanza walinikazia waya wa handibreki. Fundi aliingiza spana, akazungusha, pedali ikawa ngumu, nikalipa 15,000 nikaondoka. Sikufika Nyegezi nikaanza kusikia harufu ya kuungua. Nasimama, tairi la nyuma kulia rimu ni ya moto huwezi kuigusa. Wamekaza waya mpaka breki shuu, vile vipande vinavyotanuka kushika gurudumu, zinagusa ndani muda wote, handibreki nimeiachia na bado inashika. Halafu upande wa pili haishiki kabisa! Kukaza waya wakati hujafungua kuona shuu zikoje ni kumpaka mgonjwa dawa juu ya bandeji. Sasa ile iliyokuwa nzima nayo wakaimaliza.

Niliporudi ndipo nikapewa lile jiwe. Na juu yake nikapewa na lawama: eti nimekuwa naendesha huku nimekanyaga handibreki. Taa nyekundu inawaka pale kwenye dashibodi mchana kweupe, mimi nisiione? Nilitamani kumwaga ile chai.

Hapo ningeishia nyota moja, nyingine nimpe nani. Lakini kulikuwa na kijana, msaidizi, wanamwita Dogo. Alisubiri bosi akapokee simu, akanisogelea: "Mama, tufungue kwanza tuone."

Disiki za nyuma zilikuwa zimeshikana na habu, pale tairi linapofungwa, kwa kutu. Fundi mwingine alishakuja na nyundo kubwa, Dogo akamwambia subiri. Akapangusa vumbi kwenye uso wa disiki, vikatokea vitundu viwili vyenye nati ndani, ambavyo nadhani hata yule bosi havijui. Akaingiza bolti mbili, akawa anakaza huku kidogo, kule kidogo, huku, kule, mpaka disiki ikatoa mlio ikaachia yenyewe. Hakuna nyundo, hakuna ufa. Nilisimama pale namwangalia nikasahau kuwa nimekuja kugombana.

Ndani ya ile disiki kuna dramu ndogo, na breki shuu za handibreki ndimo zinamokaa, mbali kabisa na pedi za breki ya kawaida. Upande wa kushoto lainingi, ile sehemu ya shuu inayosugua, ilikuwa imebanduka kwenye chuma, imelala chini kipande kizima, gundi imekufa. Kumbe ndiyo maana haikushika. Upande wa kulia, ule walioukazia waya, imelika mpaka karibu chuma, vumbi jeusi limejaa. Dogo akanionyesha vyote viwili kiganjani, hakusema neno juu ya bosi wake. Mimi nilisema.

Spea nayo ilikuwa kasheshe. Maduka ya mjini kila mmoja "hizi hizi, dada, zinaingia". Dogo alinipa zile za zamani niende nazo sampuli, na ndizo zilizoniokoa, maana ukilaza mpya juu ya ya zamani unaona upana umezidi, au tundu la pini limehama. Mwisho nikaagiza Dar, Gerezani, zikaja na basi. Siku zote hizo gari liko juu ya mawe pale gereji (mawe walikuwa nayo, hilo siwanyimi), na bosi akaanza kuuliza kama nitalipia maegesho. Maegesho! Gari lililoharibiwa na mkono wake!

Kufunga alifunga Dogo peke yake. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuulegeza ule waya uliokazwa. Akapiga msasa, akapaka grisi kidogo sana pale chuma kinapogusana na chuma, akaanza kuvuta springi kwa plaizi. Moja ikamponyoka, ikaruka mpaka chini ya Noah ya mtu, ikatafutwa na gereji nzima. Disiki ikarudi, akaingiza bisibisi kwenye kitundu akawa anazungusha kinyota cha ndani kinachosogeza shuu, jino kwa jino. Akazungusha mpaka disiki ikagoma kuzunguka kabisa, halafu akarudisha meno manane, anahesabu kwa sauti. Kulia hivyohivyo. Waya akaurekebisha mwisho, baada ya shuu kukaa sawa, na hapo ndipo nilipoelewa wale wa kwanza walianzia mkiani.

Tukatoka kuzizoesha zile shuu mpya, mwendo wa taratibu, anakanyaga pedali kidogo, anaachia. Kisha nikampeleka nyumbani kwangu, kwenye mteremko wenyewe. Pedali haikufika hata nusu. Gia ikawekwa N, mguu nikatoa. Gari halikutikisika. Nilipiga kelele barabarani, mtu mzima mimi.

Kwa hiyo hapo nilishafika nyota nne, nasema kweli. Kazi ni safi, ukiwa na handibreki inayolegea nenda, ila usikubali wakukazie waya kabla hawajafungua tairi, na mwombe Dogo kwa jina.

Halafu nikaenda kulipa. Bosi ananitoza 60,000, sawa, nalipa. Nauliza risiti, ananichania kipande cha boksi la fulta anaandika kwa kalamu ya kuazima. Na wakati anaandika anamgeukia mteja aliyekaa kwenye benchi: "Huyu dada tumemtengenezea handibreki, tumemfanyia kazi ya uhakika." Tumemfanyia! Nani? Wewe si uliniambia niokote jiwe? Dogo kasimama pale ananawa mikono kwa petroli, anaangalia chini, hata soda hajanunuliwa.

Nyota mbili, basi, na zote za Dogo. Nasikia ana mpango wa kuhamia Buzuruga afungue pake mwenyewe, na akifungua nitakuja kurekebisha hapa. Bosi bado ana chenji yangu ya 5,000. Alisema nipite kesho yake. Nimepita, kasema yuko bize.