Mkali wa pool apimwe kwa mataji au kwa mechi ndefu?

Mataji ni rahisi kukagua. Earl Strickland ana mataji 5 ya US Open, shindano kubwa la pool ya mipira 9; Shane Van Boening naye 5. Ukiongeza ubingwa wa dunia wa mchezo huohuo, Strickland anaongoza: 1990, 1991 na 2002, dhidi ya mmoja wa Van Boening wa 2022.

Udhaifu wa hesabu hii ni zama. Ubingwa huo ulianza 1990 tu. Willie Mosconi, bingwa wa dunia mara 15 kati ya 1941 na 1957 katika mchezo wa kutaja mpira na mfuko, angebaki na sifuri, jambo ambalo ni dhuluma tupu.

Katika kupunguza nafasi ya bahati, mechi ndefu ni kipimo bora. Kwenye mbio za gemu 11, yaani wa kwanza kufikisha 11 ndiye mshindi, mikwaju miwili mibaya ya kufungulia inaweza kumtoa aliye bora. Ukifika 100, makosa ya kila mmoja yanajirudia hadi yanaonekana. Lakini hata hapo: Hong Kong, 1996, Efren Reyes alimshinda Strickland 120-117 na kuchukua dola 100,000. Tofauti ya gemu 3 katika 237 ni nyembamba mno, tena ni mpinzani mmoja tu.

Unawalinganisha wa kizazi kimoja, waliocheza mashindano yaleyale? Hesabu mataji. Unabishania wawili waliokutana mara nyingi? Tafuta mechi zao ndefu. Kwa Mosconi na Reyes, mtazame kila mmoja dhidi ya wapinzani wa wakati wake.