Vikao 12 vya unasihi kwa majeraha ya utotoni: maoni ya mteja

Nimemaliza vikao 12 katika kituo binafsi cha unasihi hapa Dar es Salaam. Nina miaka 41, na nilikwenda kwa sababu hadi leo hushtuka kila pikipiki inapozimwa nje ya geti. Nilipokuwa mtoto, mlio huo ulimaanisha kwamba baba amerudi na mkanda utafunguliwa kiunoni.

Sifa kubwa ya huduma hii ni kwamba mnasihi hakunilazimisha kusimulia. Vikao vitatu vya mwanzo alinieleza namna mtoto anayelelewa katika hofu anavyozoea kukaa tayari kwa hatari, moyo ukienda mbio na mabega yakikakamaa, na namna mazoea hayo yanavyobaki mwilini hata baada ya hatari kuondoka. Siku moja pikipiki ilizimwa chini ya dirisha tukiwa katikati ya mazungumzo. Aliacha swali lake, akaniomba nikanyage sakafu kwa nyayo zote mbili na kutaja vitu vitano ninavyoviona. Nilitaja feni, kalenda, jagi la maji, pazia la kijani, viatu vyake; nilipofika kwenye viatu, mabega yalikuwa yameshuka.

Nilimwambia kwamba kwetu tulifundishwa kuwa yaliyopita si ndwele. Akanijibu taratibu: "Dada yangu, ndwele unayoamka nayo leo haijapita." Kisha alinionyesha utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, ambamo takriban robo tatu ya vijana wa Tanzania walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Miaka yote hiyo nilidhani ni aibu ya nyumba yetu peke yake.

Kasoro ipo, tena si ndogo. Kuta za vyumba ni nyembamba, na nilipomsikia mteja wa chumba cha pili akilia nilijikuta nanong'ona. Nilipolalamika nilihamishiwa chumba cha mwisho, lakini waliobaki kule bado wanasikika. Ada nayo ni nzito, ndiyo maana nilihudhuria mara mbili tu kwa mwezi.

Kushtuka hakujaisha. Hata hivyo, mwezi uliopita mwanangu alivunja sahani, na mkono wangu ukanyanyuka kabla sijafikiri. Niliuona ukiwa bado hewani, nikaushusha, tukaokota vigae pamoja.