Dishi na County: maoni ya mama mwenye analipa

Kobole. Hiyo ndio bei ya lanchi ya mtoto wangu shuleni kwa Dishi na County, ule mpango wa chakula wa kaunti ya Nairobi, shilingi tano, na kabla mtu aanze kuniletea siasa naomba niongee kama mzazi anayeitumia. Tano siku hizi Nairobi ni kitu gani jameni, ukimpea konda anaiangalia tu halafu anakurudishia.

Venye inafanya kazi ni hivi, mtoto anapewa kibangili cha mkono, wewe unatuma pesa kwa M-Pesa inaingia kwa akaunti yake, akifika kwa foleni anagusisha kibangili kwa mashine inakatwa tano anapewa sahani yake. Hakuna koini za kupotea njiani ama za kuishia kwa pipi. Mimi natuma 50 kila wiki mbili. Kuna wakati nilisahau kabisa, hiyo ni makosa yangu, siku hizi nikilipwa Ijumaa kitu ya kwanza ni hiyo.

Chakula hakipikwi hapo shuleni, kinatoka kwa zile jikoni kubwa za kaunti kinaletwa na gari. Ni wali na ndengu ama maharagwe, mboga imekatiwa ndani. Kitinda mimba wangu wa gredi ya nne siku ya ndengu anarudi akiimba, siku ya maharagwe ukimuuliza anakwambia "tulikula tu". Karoti anaweka kando lakini hiyo amezaliwa nayo, hata kwangu anazitoa moja moja.

Mimi ni wa enzi ya Maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shule Rais Moi alianzisha 1979, zile pakiti za pembe tatu unang'ata kona unafyonza. Yalituvuta shule, si uongo, lakini maziwa si lanchi, ikifika saa saba tumbo lilikuwa linanguruma vile vile. Hii ya sasa ilianza 2023 chini ya Gavana Sakaja, wakishirikiana na shirika la Food4Education la Wawira Njiru, yule alianzia Ruiru 2012 na watoto 25 tu.

Kwangu kilichobadilika sana hata si tumbo. Mimi nafulia watu nguo, natoka asubuhi narudi jioni. Kitambo nilikuwa naacha chai kwa thamosi na mkate ukiwa umebaki, mtoto namvalisha ufunguo shingoni, saa ya lanchi anavuka barabara kubwa anakuja anakunywa anarudi shule, na siku zingine hakuwa anarudi, ananogewa na mpira hapo nje ya ploti na mimi najua wiki inayofuata mwalimu akipiga simu. Saa hii akiingia shule ameingia mpaka jioni.

Sasa lawama. Hii kitu ni ya shule za umma, na huku kwetu watoto wengi wako shule za mabati za watu binafsi, si ati wazazi wana pesa, ni vile ya serikali iko mbali ama imejaa. Jirani yangu ni shosho wa sabini na kitu analea wajukuu wawili, anapata ile 2,000 ya mwezi ya Inua Jamii, pesa ya serikali ya wazee, na hiyo hiyo ndio fizi ya shule, ndio unga, ndio mafuta taa, na bado mchana lazima apike. Kama kuna mtu alifaa hii kobole ni yeye, si mimi mwenye angalau vibarua napata. Serikali inampa shosho kwa mkono huu na inamruka mjukuu kwa ule, hapo sielewi nani alipiga hesabu.

Na holidei ikifika sote tunarudi kwa thamosi.

Wangu aliniuliza juzi kama anaweza kugusisha kibangili chake mara mbili abebee mjukuu wa shosho sahani moja. Nikamwambia mashine haikubali. Akaniuliza "lakini si ni tano?"

Nyota nne.